Alama ya Kuogelea

Kagendo alikuwa mwoga wa maji, na si woga wa kusingiziwa. Alizaliwa juu, kwenye miteremko ya milima ya Meru, ambako maji huja ndani ya mtungi au hushuka na mvua, na mto uko chini kabisa bondeni, unasikika tu. Kwa hiyo siku alipopangiwa kwenda kufundisha katika kisiwa cha Pate, kwao paliingia huzuni kana kwamba pana msiba. Mama yake alilia kwa sababu ya wale wapiganaji wa msituni ambao redio haikosi kuwataja kila itajapo Lamu. Kagendo alilia naye, ila chozi lake lilikuwa la jambo jingine. Alikuwa ameiangalia ramani, akaona buluu pande zote.

Lakini mwalimu aliyekaa nyumbani miaka bila kazi hachagui kituo. Akaenda. Kutoka Amu, yaani mji wa Lamu, boti ilipita Mkanda, ule mlango mwembamba ulio baina ya Manda na bara, kisha ikatokea kwenye maji wazi kuelekea Mtangawanda, bandari ya Pate, na hapo mawimbi yakaanza kuipiga ubavuni. Abiria wenzake walikuwa wakila mahamri na kuzungumza habari za harusi. Kagendo alifumba macho, akaimba wimbo wa kanisani kimoyomoyo, akaurudia na kuurudia mpaka boti ilipogusa gati. Alipofumbua macho aliona kuwa yeye peke yake ndiye aliyevaa jaketi la uokoaji. Wengine walikuwa wameyakalia yao ili wasiumie makalio.

Jambo hilo alilifasiri kwa akili za mtu wa mlimani. Alijiambia: hawa hawavai kwa sababu wote wanaogelea kama samaki. Hakuna aliyemsahihisha, kwa kuwa hakumwambia mtu.

Kijijini alipata chumba kwa Bi Huwaida, mama wa makamo, mpole, mwenye ulimi wa mzaha na mkono mzuri wa kupika. Mumewe, Bakr, alikuwa Mombasa akifanya kazi za bandarini, na nyumbani walibaki Bi Huwaida na binti yake Safaa. Safaa alikuwa Gredi ya Nane, darasa la Kagendo mwenyewe. Kila asubuhi alimgongea mwalimu wake mlango, akamwachia kikombe cha chai ya tangawizi na kukimbia, asije akaonekana anajipendekeza. Alikuwa msichana wa kushika nambari ya kwanza. Alitaka kwenda shule ya upili ya bara, upande wa sayansi, aje awe mkunga, kwa sababu shangazi yake alifariki ndani ya boti akikimbizwa Amu kujifungua. Hakuwa akilisema sana jambo hilo, lakini aliwahi kumwambia Kagendo, na tangu siku hiyo Kagendo alimchukua kama mdogo wake wa kuzaliwa.

Sasa, huko Nairobi palikuwa pameamuliwa jambo jema. Watoto wote wa nchi, wa mjini na wa machungani, wasome mtaala mmoja, wapewe kazi za aina moja, wapimwe kwa kipimo kimoja. Nani atalikataa hilo? Miaka na miaka mtoto wa visiwani alikuwa akiokota makombo ya elimu ya wenzake. Lakini serikali ikiushika usawa huushika kwa mikono miwili, hauponyoki. Mtoto wa jangwani akaambiwa ataje sehemu za mashua. Mtoto wa Pate akaambiwa apande kabeji mchangani. Na katika somo la Sanaa na Michezo wote kwa jumla, awe wa mlimani awe wa pwani, wakaambiwa waogelee, mtindo mmoja, umbali mmoja, kwenye upande wa kina kifupi wa bwawa la kuogelea. Bwawa lenyewe hapo shuleni halikuwapo hata la bata.

Kagendo alisomea hisabati na sayansi. Ila sekondari ya msingi hapo kijijini ilikuwa na walimu wawili tu, yeye na Hudson, kijana mcheshi wa kutoka Vihiga, na masomo yote waligawana wao. Hudson alikuwa ndiye wa Sanaa na Michezo. Kisha Hudson akapata uhamisho wa kurudi kwao, akafunga mabegi yake kwa miluzi, na somo lake likamwangukia Kagendo.

Siku ya kumsindikiza gatini, Kagendo alimuuliza, "Na hii ya kuogelea nitaifanyaje?"

Hudson alicheka. "Wewe usijipe presha, mwalimu. Hawa wamezaliwa ndani ya maji. Mimi mwaka jana wote niliwapa nne, na ufukweni hata hatukukanyaga. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Nne ndiyo alama ya juu, ya mtoto aliyezidi matarajio. Moja ni ya aliye chini ya matarajio. Kagendo akatulia kidogo. Alimpungia Hudson mkono, akasimama mbali na ukingo wa gati, kama ilivyokuwa desturi yake.

Hakumwambia Hudson kwamba yeye mwenyewe hajui kuogelea. Hakumwambia mtu yeyote. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka, na ungefanywa upya kwa neno la mwalimu mkuu. Mwalimu atakayesema hawezi somo fulani hukumbukwa kwa hilo tu, hata kama hisabati anaifundisha mpaka mawe yakaelewa. Halafu ilikuwapo aibu. Mtu wa bara huchekwa kwa mengi kisiwani: anavyopanda boti, anavyokula samaki na miiba, anavyoita bamvua, kule kujaa kukubwa kwa bahari, mafuriko. Hakutaka kuwapa na hili.

Kwa hiyo akafundisha kuogelea nchi kavu. Aliwalaza watoto kifudifudi juu ya madawati, wakapiga mikono hewani na kurusha miguu, yeye akasoma maelekezo kitabuni. Wavulana wakafa kwa kicheko. "Mwalimu, Meru huogelewa hivi?" wakamuuliza. Wavulana hao walikuwa wakijirusha kutoka gatini tangu wakiwa hawajaota meno ya pili. Wasichana hawakucheka. Walijilaza kwa adabu, sare zao ndefu wamezibana vizuri miguuni, wakapiga mikono kama walivyoambiwa. Safaa alitaka kujua pumzi hutolewa wakati gani. Kagendo akamsomea jibu kutoka kitabuni, wala hakuthubutu kuyainua macho yake kutoka kwenye ukurasa.

Angeendelea hivyo mpaka mwisho wa muhula, na alama angezitoa kama Hudson. Lakini ukafika ujumbe kwenye kundi la simu la walimu wa kaunti nzima. Mwaka huu kazi za vitendo zifanywe kweli, kila mtoto apimwe kwa macho, katika wiki ile ile kote nchini, na alama zitumwe mtandaoni mara moja. Tena alama hizo zingehesabiwa mtoto anapopangiwa shule ya upili. Kagendo aliusoma ujumbe akiwa amesimama jikoni kwa Bi Huwaida, akausoma tena tangu mwanzo.

Mwalimu mkuu, Bwana Uthman, mzaliwa wa kijiji hicho na mtu mwenye kupenda mambo yaende bila makelele, alikuwa amekwisha kupanga.

"Wavulana nitawapeleka mimi, gatini," alimwambia ofisini. "Wasichana ni wako, Bi Kagendo. Nimesema na wazee wao. Si desturi yetu msichana mkubwa kuingia majini mbele za watu, lakini nimewaambia hii ni amri ya nchi nzima. Wamekubali kwa sharti moja: mwanamume asiwe karibu. Utawapeleka mtoni, nyuma ya mikoko, pasipopita mtu. Waingie na nguo zao, na kila mmoja aje na leso ya kujifunika akitoka."

Kagendo alifungua kinywa. Maneno yalikuwa tayari ulimini, ni mawili tu. Akaona barua ya mkataba wake inavyochanwa. Akaona wavulana wanavyoanguka kwa kicheko.

"Una neno, Bi Kagendo?"

"Hapana, mwalimu."

Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua. Kagendo alilijua neno hilo vizuri, alikuwa amelifundisha darasani.

Kuanzia hapo chakula hakikumshuka. Akilala aliota maji yanaingia chini ya mlango. Akikaa darasani alihesabu vichwa vya wasichana, akavihesabu tena. Alijituliza kwa jambo moja tu: yeye hatalazimika kuingia. Atasimama pembeni na filimbi yake. Wao ni watoto wa bahari, wanajua. Kazi yake ni kutazama na kuandika.

Bi Huwaida aliona sahani inarudi kama ilivyokwenda. "Bi Kagendo, mbona huli? Wali wangu una kasoro yeo?"

"Wali ni mtamu, mama. Leo ni kichwa tu." Kisha, kama mtu anayepapasa gizani, akauliza, "Safaa hupenda maji?"

Bi Huwaida alikuwa akichambua mchele. Mkono ukasimama kidogo juu ya ungo, kisha ukaendelea. "Mwana wa hapa hoyo. Mai yamemzunguka tangu kuzawa kwake," akasema. Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi, "Nami sina hofu. Hayuko pweke. Yuko na mwalimu wake."

Hilo halikuwa jibu, na Kagendo alijua halikuwa jibu. Lakini angeuliza tena angeulizwa na yeye. Akajilazimisha matonge mawili, akashukuru, akaenda kulala.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali na upepo haukuwapo. Wasichana wa Gredi ya Nane walimfuata Kagendo kwa mstari kwenye kijia cha mikokoni, leso zao kwapani, kimya kama watu wanaokwenda kudungwa sindano. Yeye alidhani ni haya. Mto wenyewe si mto wa maji matamu. Ni mkono wa bahari unaoingia baina ya mikoko, unajaa na kukauka pamoja na bahari yenyewe. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, yametulia juu, na ukingoni palikuwa na mchanga mgumu wa kusimama.

Msichana mmoja, Radhiya, aliyatazama maji akasema taratibu, "Mwalimu, mai yatoka."

Alimaanisha kuwa maji yameanza kupwa. Kagendo akashusha pumzi. Afadhali, alijisemea, yakitoka yatakuwa machache. Mtu wa mlimani huogopa mto unaojaa. Hakuna aliyemfundisha kuwa bahari huvuta zaidi inapoondoka, hasa siku za bamvua. Na Radhiya, akiona mwalimu ameitikia kwa kichwa, aliamini mwalimu anajua.

Kagendo aliingia mpaka magotini. Kila wimbi dogo lililomgusa lilimpandisha ubaridi mpaka kisogoni. Alijitahidi uso usionyeshe kitu. Akapuliza filimbi.

Wa kwanza akaingia, akajilaza, akaanza kupiga mikono kama walivyofanya juu ya madawati. Kichwa kilikuwa juu, maji yakaruka, akasogea mbele. Kagendo akafurahi mpaka akataka kulia. Wa pili akafanya hivyo hivyo. Hakuona, kwa sababu maji yalikuwa na tope, kwamba wasichana walikuwa wakitambaa. Vidole vyao vilikuwa vimeshika mchanga wa chini. Walijikokota kandokando ya ukingo, wakatoka, wakajifunika leso zao haraka, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.

Zamu ya Safaa ikafika. Safaa hakutaka kutambaa. Kitabu kilisema aliyezidi matarajio huogelea umbali wote bila kugusa chini, na yeye alitaka ile nne, kwani bila hiyo nani atamwona huko juu? Alikuwa amejifunza juu ya dawati mpaka mabega yakamuuma. Akavuta pumzi, akajisukuma kuelekea katikati.

Alipiga mikono, ikawa kama anaweza. Kisha mchanga uliokuwa chini yake ukaisha, mkondo ukamshika, sare ndefu ikamkumbatia miguu, na kichwa kikazama. Kikatokea. Kikazama tena. Hakupiga kelele. Kagendo alikuwa akidhani siku zote kwamba mtu anayezama hupiga kelele.

Radhiya ndiye aliyepiga yowe.

Kagendo aligeukia ukingoni, akaita kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake, "Nani anajua kuogelea? Aingie! Nani anajua?"

Wasichana walisimama na leso zao, macho yamewatoka. Hakuna aliyesogea. Radhiya, machozi yakimtiririka, akamwambia, "Mwalimu, si ni wewe?"

Hapo Kagendo alielewa yote kwa mara moja. Wavulana na mwalimu mkuu walikuwa gatini, upande wa pili wa kijiji, kwa heshima ya hawa wasichana. Hakuna mwanamume karibu. Ndivyo ilivyotakiwa, na ndivyo ilivyokuwa. Nyuma ya mikoko walikuwa wanawake peke yao, na miongoni mwao hapakuwa hata mmoja aliyewahi kufundishwa na mtu kukaa juu ya maji. Wote waliamini mwalimu anajua. Mwalimu aliamini wanajua. Na wote walikuwa wameona aibu kuuliza.

Mkondo ulimpeleka Safaa mpaka mto unapokunja kona, akanaswa kwenye tawi la mkoko lililoinamia majini. Mkono mmoja ulikuwa umeshika. Ulikuwa mkono mdogo.

"Leso!" Kagendo akapaza sauti. "Fungeni leso! Ncha kwa ncha!"

Sijui alilitoa wapi wazo hilo. Hata yeye hajui. Wasichana wakafunga leso kwa leso, Radhiya akivuta kila fundo kwa meno. Kagendo akajifunga ncha kiunoni. Wakakimbia ukingoni mpaka mkabala na ile kona. Akawaambia, "Msiniache. Chochote mtakachoona, msiniache." Akaingia.

Magoti, akaendelea. Kiuno, akaendelea. Yalipomfika kifuani alisikia nafsi yake nzima ikimwambia rudi, na aliisikia wazi kama mtu anayesema sikioni. Alikuwa akilia kwa sauti. Aliita jina la Yesu, na ukingoni waliita la Mwenyezi Mungu, na hakuna aliyeona ajabu. Kisha mchanga ukamtoka miguuni naye. Maji ya chumvi yakamjaa mdomoni na puani, mbingu ikageuka, akapapasa, akapapasa, akashika kitambaa cha sare. Alikikamata kwa mikono miwili kwa nguvu za mtu aliyekata tamaa. Leso ikamkaza tumbo, na wasichana wakavuta.

Waliwakokota wote wawili mpaka mchangani. Safaa alikuwa wa kijivu, midomo imekwajuka. Kagendo alimgeuza, akamkandamiza mgongo kama alivyowahi kuona ikifanywa, akamwomba, akamfokea, akamwomba tena. Yakatoka maji. Yakatoka mengine. Kisha Safaa akakohoa, akavuta pumzi iliyokwaruza, akaanza kulia kama mtoto mchanga. Kagendo alimshika kifuani kwake.

Bwana Uthman, aliyefuatwa gatini na msichana mmoja, alifika akihema, pindo la kanzu amelishika mkononi. Alipoona Safaa amekaa na anapumua, aliketi chini hapo hapo mchangani, akasema alhamdulillahi mara nyingi. Alipopata sauti ya kawaida, akamvuta Kagendo kando.

"Mtoto ametoka salama," alisema. "Tumshukuru Mungu tuyaache hapa hapa. Wavulana wote nimewapa nne. Na hawa wape nne, kama mwaka jana. Ukiandika vingine wataniuliza ilikuwaje, watakuuliza wewe ilikuwaje. Mkataba wako nitausemea vizuri."

Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa, kama alivyoogopa Kagendo, na kwa sababu zile zile. Kagendo alitikisa kichwa kwa namna isiyokubali wala kukataa, akachukua mkono wa Safaa wakaenda nyumbani.

Njia yote hakuwa akiogopa mkataba. Aliogopa uso wa Bi Huwaida. Alikula chumvi yake, alikunywa chai ya mwanawe kila asubuhi, kisha akampeleka mtoni bila kujua anachofanya. Kama mama angemrukia na mwiko asingeinua mkono kujikinga.

Bi Huwaida alikuwa ameshapata habari. Kijiji kidogo habari hufika kabla ya mwenyewe. Alimpokea Safaa mlangoni, akamkumbatia bila neno, akamvua nguo mbichi, akamfunika mablanketi mawili, akampa maji ya moto yenye asali. Akakaa naye mpaka usingizi ulipomchukua. Ndipo akatoka ukumbini. Kagendo alikuwa bado amesimama, maji yamemkaukia mwilini, chumvi imemkaza uso.

"Keti, mwanangu."

"Mama, sijui kuogelea."

Alilisema hivyo hivyo, akiwa wima. Na lilipotoka, mengine yakafuata kwa fujo: kwamba hakuwahi kujua, kwamba alificha, kwamba alidhani watoto wa kisiwani wote wanajua, kwamba alitaka kumuuliza siku ile ya mchele akashindwa kwa woga na kwa aibu, kwamba kosa ni lake na hana wa kumsukumia.

Bi Huwaida alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameshika ncha ya leso yake mdomoni.

"Nami sikukwambia kwamba hayui," akasema hatimaye. "Niliona haya. Mwana wa kisiwani hayui kuogelea, nitamwambia nani? Mimi siyui. Mamangu hakuyua. Twapanda boti twenda Amu, twazaa, twazika, na hakuna moya katika wanawake wa nyumba hii ayuao. Nikasema, huyu ni mwalimu wa serikali, ayua." Kisha akamtazama Kagendo sawasawa, kana kwamba ndiyo kwanza amemwona. "Basi wewe huyui kuogelea."

"Sijui, mama."

"Na ukangia."

Kagendo akakaa chini sakafuni, akalia, na Bi Huwaida akaja akakaa pembeni yake, wakalia wote wawili bila kushikana, kila mmoja na hofu yake.

Baada ya muda Kagendo akamweleza kuhusu zile nne, na kwamba nne ingemsaidia Safaa huko aendako. Hakumficha. Bi Huwaida alifuta uso kwa leso.

"Aliyempa nne mwaka wa yana ndiye aliyemtia maini mle mtoni," alisema. "Muandikie ilivyo. Andika hayui. Mwanangu asende mahali, akaja mtu akasoma kwamba ayua, akamwambia ngia. Andika, wasome huko Nairobi."

Kesho yake Kagendo alituma alama. Wavulana nne. Wasichana wote, Safaa na Radhiya na wenzao, moja, moja, moja, mpaka mwisho wa darasa. Alifanya hivyo ofisini, Bwana Uthman akiwa amesimama dirishani, amempa mgongo. Hakumzuia. Alisema tu, "Watapiga simu."

Walipiga. Alikuwa ni Bi Chelangat, afisa wa elimu aliyekuwa Amu, mwanamke mwenye sauti ya haraka na kazi nyingi. Mtandao ulikuwa umemwonyesha shule hiyo kwa rangi nyekundu.

"Mwalimu, naona umekosea kuingiza. Wasichana wote mmewapa moja kwenye kuogelea. Wote. Hebu nirekebishie sasa hivi kabla mtandao haujafungwa."

"Sikukosea, madamu."

"Mwalimu, si hicho ni kisiwa? Hao si watoto wa baharini?"

Kagendo alikuwa amesimama kwenye veranda ya shule, ambako simu hushika. Kutoka hapo unaona maji pande tatu.

"Ndio, ni wa baharini," akasema. "Na hawajui kuogelea. Wala mimi mwalimu wao sijui. Nitumie mwanamke anayejua."

Kisha Bi Chelangat, mzaliwa wa Bomet, bara mbali na bahari, ambaye alikuwa avuke kwenda Faza na boti ya mchana, akauliza kwa sauti nyingine kabisa, ndogo, "Hata mmoja?"

"Hata mmoja, madamu."